Taa ya Mto Nyabitoke

Kila siku ya shule Yusta alianza asubuhi kwa kazi zilezile. Alifagia uwanja, akawasha moto wa uji, akamhamishia mbuzi penye majani mabichi. Kisha alimwamkia mama yake kwa Kiha, "Mwakeye, mawe," yaani habari za asubuhi, mama, akachukua mfuko wake wa madaftari na kuteremka njia ya migombani hadi kivukoni. Hapo aliwangoja watoto wadogo wa kitongoji chao, akawavusha mmoja mmoja kwa kuwashika mkono, ndipo wakapanda kilima pamoja kwenda shuleni.

Mwaka uliopita kazi hiyo waliifanya wawili, yeye na mdogo wake Evaristi. Sasa aliifanya peke yake.

Mto Nyabitoke si mkubwa. Wakati wa kiangazi maji yake hayafiki magotini, na wanawake wa kata ya Kitanga huvuka wakiwa na vikapu vya muhogo vichwani bila hata kupunguza mwendo. Lakini mto huo hupokea maji ya milima iliyo mbali. Mvua ikinyesha kule juu, mto hujaa ghafla hata kama kijijini jua linawaka. Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Jua liliwaka shuleni, na Evaristi, aliyekuwa darasa la nne, alitangulia kurudi nyumbani kwa sababu Yusta alibaki kwenye mazoezi ya kwaya. Maji yalimkuta katikati ya kivuko. Walimpata kesho yake, kwenye matete, mbali sana na kijiji.

Tangu siku ya mazishi, mama yao, Verediana, hakukanyaga tena shuleni. Hakumlaumu mtu. Alilima, alipika, alikwenda kanisani. Ila alikuwa hazungumzi sana kama zamani, na mvua ikinguruma alikuwa anasimama mlangoni mpaka Yusta aonekane.

Katika darasa la sita Yusta alijiunga na klabu ya sayansi. Mlezi wa klabu alikuwa Mwalimu Ghati, mwanamke mrefu mwenyeji wa Tarime, aliyehamishiwa hapo kutoka Kitahana, wilayani Kibondo. Huko Kibondo, yeye na mwenzake, Mwalimu Lukmani, walikuwa wamejifunza kutengeneza vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyotumia betri. Kifaa kimoja huwekwa mahali fulani kuhisi joto, unyevu au maji, kisha hutuma habari kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kifaa cha pili kilicho mbali. Mwalimu Ghati alihama na vifaa viwili vya namna hiyo, vimefungwa kwenye kitambaa.

"Hivi ni vitu vya kujifunzia tu," aliwaambia wanaklabu. "Lakini ningependa vifanye kazi ya kweli. Ni jambo gani hapa kijijini tunapaswa kulijua tukiwa mbali, kabla halijatudhuru?"

Wanafunzi walitazamana. Godson, kijana wa darasa la saba aliyekuwa mwenyekiti wa klabu, alisema labda ngedere wanaoharibu mahindi. Wengine walicheka. Yusta alinyoosha mkono.

"Mto, mwalimu," alisema.

Hakuna aliyecheka tena.

Waliifanya kazi hiyo kiangazi chote. Kisanduku cha mtoni kilikuwa na bomba la plastiki lililosimama majini, na ndani ya bomba boya lililokatwa kwenye kandambili kuukuu. Maji yakipanda, boya hupanda pia na kubonyeza swichi. Kisanduku kikiona hivyo kinarusha mawimbi, na kule shuleni taa nyekundu iliyofungwa ukutani nje ya ofisi ya walimu inawaka. Ikiwaka, watoto wa ng'ambo hawaruhusiwi kuondoka. Watasubiri mto upungue, au mtu mzima awazungushe kwa njia ndefu ya darajani.

Yusta ndiye aliyefunga kisanduku cha mtoni. Alikiweka ndani ya kopo la bati la biskuti, akaukunja waya wa antena ndani ya kopo na kufunika vizuri, ili mbuzi wasije wakautafuna na wapita njia wasije wakaung'oa. Alilificha kopo kwenye matete ya ukingoni na kulifunga kwa kamba. Lilipendeza na lilionekana imara.

Siku ya kulizindua, wazazi waliitwa. Walikaa kwenye madawati nje ya ofisi, na Yusta alipotazama aliona jambo ambalo hakulitegemea. Mama yake alikuwa miongoni mwao. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, amekaa mwisho wa dawati, mikono mapajani.

Mpango ulikuwa rahisi. Kutoka mtoni shule haionekani, kwa hiyo Yusta angeteremka kivukoni na kuliinua boya kwa mkono. Taa ikiwaka, Godson angeipiga kengele ya shule, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi, na Yusta angejua kwamba ujumbe umefika.

Aliteremka mbio. Aliingiza mkono kwenye bomba, akaliinua boya. Alisikiliza. Ndege walilia kwenye matete, maji yakapita taratibu juu ya mawe. Kengele haikulia. Aliliachia boya, akaliinua tena. Kimya. Aliligongagonga kopo, akaliinua boya mara nyingine, akalishikilia kwa muda mrefu. Kimya kilekile.

Alimfikiria mama yake pale kwenye dawati, na watu wote wakimtazama na kumwonea huruma. Basi alifungua kamba, akalichukua kopo na bomba lake, akapanda nalo njia hadi mahali ambapo bati la paa la shule huanza kuonekana kati ya miti. Pale aliliinua boya. Kengele ililia papo hapo, na kelele za shangwe zikamfikia kutoka juu. Alirudi mtoni haraka, akalifunga kopo mahali pake kama lilivyokuwa.

Alipofika shuleni akitweta, Godson alimdaka mkono. "Mbona umechelewa? Tulishaanza kuona aibu."

"Nilikuwa naondoa matope kwenye bomba," Yusta alijibu.

Watu walikuwa wakipiga makofi. Mama yake alikuwa ameinuka na kusogea ukutani. Aliigusa ile taa nyekundu kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayegusa uso wa mtoto aliyelala.

"Kwa hiyo kama ingekuwepo siku ile," alisema kwa sauti ndogo, "mngemzuia."

"Tungemzuia, mama," alisema Mwalimu Ghati.

Yusta aliinamisha kichwa. Alijiambia kwamba mvua bado ni mbali na kwamba atakitengeneza kisanduku mwenyewe bila mtu kujua. Kweli alijaribu. Alikwenda mara kadhaa baada ya masomo, akalisogeza kopo huku na huku, akabadilisha kamba. Lakini peke yake hakuwa na mtu wa kuitazama taa, kwa hiyo hakuweza kujua kama kuna kilichobadilika. Siku zikapita. Wazazi wa ng'ambo waliacha kuja kuwapokea watoto mtoni. Walisema taa ipo.

Mvua za kwanza zilikuja mwezi wa Novemba. Mchana mmoja jua lilikuwa kali shuleni, lakini nyuma ya milima anga lilikuwa jeusi kama sufuria. Madarasa ya chini yalikuwa yanamaliza vipindi. Mwalimu Ghati, aliyekuwa wa zamu, alitoka ofisini, akaitazama taa ukutani, akaona haijawaka. Akapiga kengele. Wadogo walitawanyika wakiimba.

Darasani, Yusta aliisikia ngurumo ikitoka mbali. Alitazama dirishani na kuwaona watoto wa kitongoji chao wakipotea kwenye mteremko. Mbele yao alikuwa Niyonkuru, mtoto wa darasa la pili, mjukuu wa Mzee Hatungimana, jirani yao.

Aliinuka bila ruhusa, akatoka nje akikimbia.

"Mwalimu, warudishe! Warudishe watoto!"

Mwalimu Ghati alishangaa. "Kuna nini? Taa haijawaka, Yusta."

"Haiwezi kuwaka!" Yusta alikuwa akilia sasa. "Kutoka mtoni haifiki, mwalimu. Haijawahi kufika. Siku ile nilikipandisha kisanduku njiani ndipo ikawaka. Niliwadanganya."

Uso wa mwalimu ulibadilika. Alivua viatu, akamwita Godson kwa sauti kubwa, na wote watatu wakateremka mbio.

Waliusikia mto kabla ya kuuona. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yamebeba matawi na migomba iliyong'oka. Watoto walikuwa wamesongamana ukingoni wakipiga mayowe. Niyonkuru alikuwa ametangulia kuingia mtoni kabla maji hayajaongezeka, na sasa alikuwa ameshikilia matete hatua chache kutoka ukingoni, maji yakiwa kifuani. Godson alilala kifudifudi kwenye tope, Mwalimu Ghati akamshika miguu, naye akaunyoosha mkono mpaka akaukamata mkono wa mtoto. Walimvuta pamoja. Niyonkuru alitoka akitetemeka, kiatu kimoja kimekwenda na maji.

Mwalimu Ghati alimkumbatia akakaa chini palepale topeni.

Yusta aliangalia kwenye matete. Kopo lilikuwa bado limefungwa vizuri, na kwenye upenyo wa mfuniko aliona kitaa kidogo cha kisanduku kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima. Boya lilikuwa juu kabisa. Kisanduku kilikuwa kimeuona mto ukijaa na kilikuwa kinaita tangu mapema. Hakuna aliyekisikia.

Jioni ile mwalimu mkuu aliwaita wazazi. Yusta alisimama mbele yao akaeleza yote, tangu kimya cha kengele hadi uongo wa matope. Mzee Hatungimana alikuwa ameketi na mjukuu wake mapajani, amemfunika koti.

"Kiondoeni hicho kidude," alisema mzee. "Kabla hakijaletwa tulikuwa tunauogopa mto. Tulikuja wenyewe kuwapokea watoto. Kidude hicho kimetufanya tulale."

"Unasema kweli, mzee," alisema Mwalimu Ghati. "Na mimi nina sehemu yangu. Kengele ililia mara moja nikafurahi, sikwenda mtoni kujaribu mwenyewe. Taa naiondoa ukutani leo hii. Tutawasindikiza watoto sisi walimu mpaka hapo tutakapokuwa na uhakika."

Mama Verediana alimtazama binti yake.

"Yusta. Siku ile nilipoigusa taa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

Verediana alijifunga kitenge vizuri kiunoni, akainuka, akaondoka. Nyumbani alimpakulia Yusta chakula kama kawaida, ugali wa muhogo na maharage, akakaa karibu naye. Lakini hakuzungumza juu ya jambo lile siku hiyo wala siku zilizofuata, na Yusta aliona heri angepigwa.

Kazi ya kutafuta kasoro ilianza Jumamosi. Mwalimu Ghati hakumwondoa Yusta kwenye klabu kama wengine walivyotaka. "Aliyeijua kasoro kwanza ndiye atakayeitafuta kwanza," alisema. Aliwaeleza namna watakavyofanya. Godson atabaki shuleni na taa na kengele. Yusta na mwalimu wataondoka na kisanduku kuelekea mtoni, wakiinua boya kila baada ya mwendo mfupi. Mahali kengele itakapoacha kulia, watachomeka kijiti ardhini. Kisha watabadilisha jambo moja, moja tu, na kuanza tena kutoka shuleni.

Kijiti cha kwanza, kopo likiwa kama Yusta alivyolifunga, kilisimama karibu na kanisa. Ile siku ya uzinduzi alikuwa amebahatisha tu, mahali palipo wazi. Walikitoa kisanduku kwenye kopo, wakatembea tena. Safari hii kengele iliendelea kulia hadi walipolipita kanisa na kufika kwenye migomba.

"Kwa nini?" aliuliza Yusta.

"Ukiwa ndani ya nyumba ya bati mvua ikinyesha, unasikika ukiita nje?" mwalimu alimuuliza. "Mawimbi ya redio hayapiti kwenye bati. Yalikuwa yanatokea kwenye upenyo wa mfuniko tu. Ulikilinda kisanduku mpaka ukakiziba mdomo."

Halafu waliunyoosha waya wa antena. Mwalimu Ghati alimpigia simu Mwalimu Lukmani kule Kibondo kuuliza urefu wake. Lukmani alisema kwa mawimbi ya vifaa vile uwe sentimita kumi na saba na kidogo, usimame wima, usikunjwe, usiguse betri. Wa Yusta ulikuwa mrefu mno na umekunjwa kama nyoka. Waliukata kwa rula. Kijiti cha tatu kilikwenda chini zaidi, kupita migomba.

Siku ya pili Godson alichoka kusubiri. Aliweka betri mpya za dukani na kukiinua kisanduku juu ya fito, vyote kwa pamoja, bila kumwuliza mwalimu, kabla hawajaondoka shuleni. Kengele ikanyamaza mapema zaidi kuliko jana yake, na hakuna aliyejua sababu ni fito au ni betri.

"Nilitaka tumalize haraka," alijitetea. "Watoto wanatembea na walimu kila siku kama mateka."

"Najua," alisema Mwalimu Ghati. "Lakini sasa tuna maswali mawili badala ya moja."

Walirudisha betri za zamani, fito ikabaki. Kengele ikalia hadi chini kuliko vijiti vyote. Kumbe fito ilikuwa inasaidia. Kisanduku kikikaa chini, matete na majani mabichi yalikuwa yanameza mawimbi. Tatizo lilikuwa betri mpya. Godson alizitazama kwa mshangao. Zilikuwa bado zina karatasi zake zinazong'aa.

Jumatatu ile mwalimu alikuwa na safari ya ofisi ya elimu Kasulu mjini, akamchukua Yusta. Karibu na soko walimkuta fundi wa simu na redio aitwaye Saady, aliyekuwa akiuza pia betri. Yusta alimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, binti. Nini kimewaleta?"

Alizipima zile betri za Godson kwa mita yake. Zilionyesha nguvu kamili.

"Nzima hizi," alisema Yusta.

"Ngoja tuzipe kazi kwanza." Saady aliunganisha balbu ndogo ya tochi kwenye betri zilezile, mita ikiwa bado imeshikwa. Namba zikaporomoka mara moja. "Unaona? Zikiwa zimekaa tu, zinasema zina nguvu. Zikianza kufanya kazi zinaanguka. Redio yenu kila inapotaka kuita inahitaji nguvu ya ghafla, na hizi hazina. Usiipime betri ikiwa imepumzika, mwanangu. Utajidanganya."

Yusta alitazama chini. Saady, ambaye hakujua lolote, alimpa betri nyingine na kumwonyesha namna ya kuzipima mwenyewe.

Kwa betri hizo, kijiti kilishuka hadi mwisho wa mteremko. Lakini hapo kikagoma. Walijaribu asubuhi, walijaribu mchana, walijaribu baada ya mvua. Kivuko kilikuwa nyuma ya bega la kilima, na kilima kilisimama kati ya mto na shule. Walikuwa wamekaribia sana, na bado mtu angeweza kufa katika nafasi ile ndogo iliyobaki.

Yusta alikaa kwenye nyasi karibu na kijiti cha mwisho. Alisikia nyayo nyuma yake. Mama yake alikuwa amesimama na jembe begani. Hakujua amekuwa akiwatazama kwa muda gani.

"Mbona mmesimama?" aliuliza Verediana.

"Kilima kinazuia, mama," alisema Mwalimu Ghati. "Mwalimu mwenzangu wa Kibondo anasema kilima hakitobolewi. Tunatakiwa kisanduku cha tatu, kikae juu, kisikie cha mtoni na kukipelekea cha shuleni. Anacho kimoja, amekituma kwa basi. Ila hatuna mahali. Panatakiwa pawe panaonana na kote kuwili."

Verediana alitazama juu, kisha akatazama chini kwenye kivuko. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Yusta kumwona akiutazama mto moja kwa moja.

"Shamba langu la muhogo liko pale mgongoni mwa kilima," alisema. "Nikilima, upande huu naiona shule, upande ule nauona mto. Wekeni nguzo yenu pale." Alilishusha jembe begani. "Nitakuwa nakiangalia mwenyewe."

Nguzo ya mkaratusi ilisimamishwa kabla ya wiki kwisha. Kisanduku cha kilimani kiliwekwa ndani ya dumu la plastiki lililogeuzwa, antena ikiwa wima. Yusta alikwenda kivukoni, Mwalimu Ghati pamoja naye, na Mzee Hatungimana akafuata nyuma na fimbo yake ili ajionee kwa macho. Yusta aliliinua boya. Kengele ilianza kulia kule juu shuleni kabla hajalishusha. Alijaribu tena na tena, mwalimu akajaribu, mzee naye akajaribu. Kila mara kengele ilijibu. Yusta hakushangilia.

"Mwalimu, bado kuna jambo," alisema. "Taa nyekundu isipowaka, hatujui kama mto ni salama au kisanduku kimekufa. Vyote viwili vinafanana. Ndiyo sababu siku ile uliwaruhusu watoto."

Mwalimu Ghati alimtazama kwa makini. "Unataka tufanyeje?"

"Kiwe kinasema hata kama hakuna hatari. Kila baada ya muda kitume neno kwamba kipo, na taa ya kijani iwake shuleni. Kijani ikizimika, tuchukulie kama nyekundu imewaka."

Mzee Hatungimana aliegemea fimbo yake. "Ego," alisema. Ndiyo. "Hilo hata mimi nimelielewa."

Taa mbili zilifungwa ukutani, na chini yake Godson aliandika kwa rangi: KIJANI IKIZIMIKA, HAKUNA KUVUKA. Mara mbili msimu ule taa nyekundu iliwaka kweli, na mara zote mbili watoto walibaki shuleni hadi mto ulipopungua.

Halafu, siku moja ya Februari, taa ya kijani ilizimika. Nyekundu haikuwaka. Anga lilikuwa safi, na watoto walikuwa na njaa. Mwalimu wa zamu hakubishana na taa. Aliwapanga mstari na kuwazungusha kwa njia ya darajani, mwendo mrefu wa jua kali, wengine wakilia kwa uchovu.

Walipofika kitongojini, baadhi ya wazazi walikuwa wamekusanyika njiani kwa hasira. Mzee Hatungimana alikuwa mmoja wao. Alikuwa ametoka kivukoni.

"Mto wenyewe unaishia kwenye kifundo cha mguu!" alilalamika. "Watoto wamezunguka dunia nzima bure."

Verediana alikuwa ameteremka kutoka shambani. Alikuwa ameukuta waya wa betri kwenye nguzo umetafunwa na panya, na kipande chake alikuwa amekishika mkononi.

"Mzee, Niyonkuru yuko wapi saa hii?" aliuliza.

"Yuko ndani. Anakula."

"Basi hakuzunguka bure."

Mzee aligeuka akatazama mlango wa nyumba yake, ambako sauti ya mtoto ilikuwa ikisikika, akatikisa kichwa taratibu na kuingia ndani.

Watu walipotawanyika, Verediana alimwita Yusta pembeni. Walikaa kwenye gogo. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba alizungumzia jambo lile.

"Mwanangu, sikukukasirikia kwa sababu kifaa kilishindwa. Vitu tulivyovitengeneza wenyewe huharibika, panya huja, mvua hunyesha. Kilichonichoma ni kwamba ulijua, ukaniacha niiguse ile taa nikiamini. Ulitaka kunifurahisha. Lakini furaha ya namna hiyo karibu impokonye mwenzangu mtoto kama mimi nilivyopokonywa wangu." Aliufungua mkono, akautazama ule waya. "Leo kifaa kimeshindwa tena. Ila kimesema mapema kwamba kimeshindwa, nasi tukapata muda wa kupita njia nyingine. Ukiharibu kitu, au usipokiweza, sema wakati watu bado wana njia nyingine ya kupita. Hata kama unaona aibu. Hata kama ni mimi unayeogopa kuniumiza. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Na siku ile ulisema mbele ya shule nzima, huku ukilia. Hilo pia nimeliona. Sikukwambia, lakini nimeliona."

Yusta alimwegemea mama yake begani, naye hakusogea. Kisha Verediana alimpa kile kipande cha waya kilichotafunwa.

"Haya," alisema. "Bado kuna mwanga. Mwite Godson, mkatengeneze."

Yusta alikwenda kumwita Godson na kuchukua koleo na waya mpya, na wote watatu, wao wawili na Verediana, wakapanda kilima kuelekea shamba la muhogo.